Ua la Kaburi la Eustaki

Albina alipanda kutoka Bonde la Rukwa kwenda Kaengesa, juu Ufipa kwa ndugu wa mumewe, akiwa mjane, na mbegu amezifunga kwenye pindo la kanga. Miaka ile ya Mwingereza ziwa lilikuwa limekauka likaacha mchanga wa chumvi, na mumewe Eustaki, mvuvi, alikufa huko kwa homa. Wavuvi wenzake wakamzika palepale. Ndugu zake wa Kaengesa hawakuwahi mazishi. Mvua ya kwanza ilichipusha maua ya njano juu ya kaburi, madogo kama vifungo vya shati, yakanyauka upesi. Kaburi halibebeki. Akaokota mbegu.

Bertilla, dada wa marehemu, alimpokea vizuri, ingawa mawifi wengi huishi kama paka na panya. Albina, Mfipa hasa, akafanya alivyofundishwa tangu utoto: akainua tuta, akafukia nyasi, akaongeza samadi, akapanda karibu mbegu zote. Miche ikanenepa, majani matupu, kisha mvua za Ufipa zikaiozesha yote. Albina akalia kama msiba umeanza upya. Hakuwa na kitu kingine cha Eustaki, na mbegu zilizobaki hazikujaza hata ukucha.

"Huko bondeni ua hili lilikuwa linakula nini?" Bertilla akauliza.

"Mchanga, wifi. Mchanga na jua."

"Na wewe ukalinenepesha kama nguruwe wa Krismasi! Hebu nipe hizo zilizobaki."

Albina akasita. Zikiharibika hizo, basi tena. Akampa.

Bertilla akachota mchanga mtoni, akaumwaga chini ya upenu, upande wa mawio, mahali mvua isipofika ila matone, akazinyunyiza mbegu humo. Tangu siku hiyo hakufagia pale, yeye ambaye uwanja wake ulikuwa safi hadi kuku waliona haya kuuchafua. Majirani wakanong'ona kwamba amekuwa mvivu. Aliwasikia, akazidi kuuzungusha ufagio kando ya mchanga ule.

Asubuhi moja Albina alimkuta amepiga magoti chini ya upenu, ufagio umeanguka kando, machozi yanamtiririka. Mbele yake ua moja la njano lilikuwa limefunguka. Albina akapiga magoti naye, moyo umejaa shukrani asijue aanze na Mungu au na wifi yake.

Bertilla hakumtazama. Alikuwa akizungumza na ua, taratibu, kama mtu anayempokea mgeni mlangoni.

"Karibu nyumbani, kaka. Utusamehe hatukuwahi kukuzika."