Majina Saba ya Nesi Dorotea

Nesi Dorotea alikuwaga mkaidi, na mimi Hilda, jirani yake wa Mwisenge niliyemuuzia dagaa miaka ishirini, nasema hivyo kwa mapenzi. Ukimwambia pumzika, sukari itakuua, anakujibu, "Itanikuta njiani."

Safari zake zote zilitoka kwenye daftari moja. Bibi yake, Nyangi, aliuzwa akiwa mtoto, mwaka wa njaa kuu, kwa mtama. Akavushwa ziwa, akatiwa kwenye shamba la mpunga la tajiri mmoja, akalima humo mpaka akawa mwanamke mzima. Uzeeni, akiwa huru hapa Musoma, alimtajia mjukuu wake watumwa aliolima nao: majina sita, kila moja na kwao na alama yake. Huyu hana kidole. Yule ana masikio yaliyotobolewa mpaka yananing'inia.

"Wapeleke kwao," akamwagiza. "Watu wao hawajui waliishia wapi."

"Na wewe, bibi?"

"Mimi niache."

Bibi mwenyewe alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Dorotea alipomuuliza, alijibu tu, "Hili nililipata nyumbani." Dorotea, mtoto bado, akafikiri ni michezo ya utotoni. Akaandika jina la bibi kuwa la saba, bila ruhusa.

Alipostaafu unesi, akaanza. Jamani, yule mama alitembea! Bunda, Butiama, mpaka visiwani, kutafuta wajukuu wa watumwa na kuwakutanisha na koo zilizowapoteza. Kuna nyumba walimlaki kwa vigelegele, kuna nyumba walimfukuza kama mbwa. Nani anataka kuambiwa babu yake aliuza mtoto? Miaka kumi na moja. Pembeni ya majina yale sita aliandika, "Nimemrudisha."

La saba alikuwa analikwepa. Siku moja nikamjia juu: ya wenzio unaweza, ya kwako inakushinda?

"Naogopa, Hilda," akasema. "Wakimkataa bibi, na mimi nitakuwa sina kwetu."

Mguu wake ulikuwa umeanza kuoza, daktari anataka kuukata. Ndipo akachota udongo wa kaburi la bibi, akautia kwenye kopo la maziwa, akaniomba nimsindikize Mugeta, alikozaliwa bibi. Alitaka udongo ule ulale kwao, basi. Hakutaka ng'ombe wala shamba la mtu.

Tulishuka basi Nyamuswa, tukapanda bodaboda. Mwenye mji, Mwikwabe, mtu wa makamo, alitupokea vizuri, maziwa mgando na viti. Ila Dorotea alipomtaja Nyangi na asili yake, akacheka kwa aibu.

"Dada, umepotea njia. Nyangi wa ukoo huu alikufa na njaa, mtoto mdogo. Kaburi lake lile pale."

Kweli, nyuma ya zizi kulikuwa na mawe yamepangwa.

"Alikufa Mwisenge, bibi kizee," alisema Dorotea. "Macho yake niliyafumba mimi. Alikuwa na kovu hapa." Akagusa juu ya jicho la kushoto.

Mama yake Mwikwabe, Bibi Marieta, alikuwa chini anapukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama.

"Mwanangu, nyamaza," akamwambia Mwikwabe. "Mle hamna mtu. Mle kuna jiwe la kusagia."

Akatueleza. Baba yake Nyangi alipomuuza, aliona aibu mbele ya mke wake na majirani. Akasema mtoto kafa. Akafunga jiwe la kusagia kwenye ngozi, akalizika, watu wakalia, wakanyoa nywele. Miaka mingi ikapita. Mchana mmoja akasimama mwanamke langoni, anamwita mama yake kwa jina. Mama mkwe wa Marieta, wakati huo yeye ndiyo kwanza ameolewa pale, aliona yote, akaja kumsimulia.

"Walidhani ni mzimu," alisema Marieta. "Wamemzika wenyewe, atarudije? Wakamrushia majivu, halafu mawe. La kwanza alirusha mama yake. Lilimpata juu ya jicho. Hakukimbia. Alijifuta damu, akaliangalia lile kaburi, akarudi alikotoka."

Mungu wangu! Mimi nililia kama nimefiwa. Dorotea hakulia. Alilishika kopo lake kwa mikono miwili.

Mwikwabe akainuka, mtu mzima, machozi yanamtoka. "Dada, lete huo udongo. Tutachinja. Leo ataingia." Alisema kwa moyo safi, sina ubaya naye.

"Alikuja kwa miguu yake," alisema Dorotea.

Akamshika Bibi Marieta mikono, akaaga kwa heshima zote, tukaondoka. Njiani nikamgombeza: hawa si waliorusha mawe, ungewapa tu.

"Najua," akasema. "Lakini aliniambia nimwache. Mimi ndiye sikusikia."

Kesho yake aliurudisha udongo pale pale alipouchota. Mguu haukuwahi kukatwa, alikufa kabla ya masika kuisha, na tukamlaza ubavuni mwa bibi yake. Daftari aliniachia mimi. Majina sita yana neno lake, "Nimemrudisha." Mbele ya la saba kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imechanika: "Alirudi mwenyewe. Wakampiga mawe."