Mfungwa Asiyemaliza Kuinuka

Nilichokiona kwanza kwa dada fundi cherehani ni kidole gumba: kimoja tu kinachapa kwenye simu, mkono wa pili umeshika kitambaa. Katika kundi letu la simu la kutunga hadithi kwa zamu, yeye anaigiza askari jela. Mimi, msomi mwenye shahada, ni mfungwa. Aliandika: “Nimefungua mlango. Toroka.” Nikajibu kwa aya sita: kovu langu, huzuni ya babu yangu, jinsi nilivyoinuka.

“Mdogo wangu,” akanicheka nilipopita dukani kwake, “wenzako wameshafika msituni, wewe bado unainuka? Nafunga mlango!”

Nilikuwa na aya nyingine tayari, za viatu tu. Nikazifuta kwa uchungu, nikatuma: “Nikatoka mbio.”

Sasa simu inaonyesha dada anaandika.