Jumamosi ya Msalaba wa Mama

Mdogo wangu wa kike anayenifuata ana ualbino, na herufi za kawaida hawezi kuzisoma. Mama alipofariki, miaka mingi baada ya baba, niliacha shule ili wadogo zangu waendelee. Nilifungua kibanda cha kuchapa barua hapa Itigi, na kwa kompyuta ya mtumba nikamfundisha huyo anayenifuata kazi hiyo. Alikuwa anachapa pua ikigusa kioo.

Jumamosi moja nilikwenda Manyoni kuchukua msalaba wa saruji wa kaburi la mama. Tulikuwa tunausimika kesho yake, Jumapili, na ndugu walishaanza kufika. Nikapita kwenye kafe ya intaneti. Kijana wa pale alinisikia nikimsimulia mtu habari za mdogo wangu, akaniwekea programu ya kukuza maandishi kwenye flashi.

"Wenyewe wanaitoa bure leo tu," alisema. "Ukiiweka leo, leseni ni yenu moja kwa moja. Kesho haikubali."

Treni ilichelewa, kama kawaida yake. Nilishuka Itigi saa kumi alfajiri, msalaba begani, flashi mfukoni. Jumamosi ilikuwa imekwisha. Mdogo wangu alikuwa macho, anachambua mchele wa wageni. Nilimwambia tumechelewa.

"Tujaribu tu, kaka. Umeibeba mpaka hapa."

Tukajaribu, ikakubali. Herufi zilijaa kioo, kila moja kubwa kama kiganja. Akaegemea nyuma kwenye kiti. Sikuwahi kumwona akisoma huku ameegemea. Tukamshukuru Mungu, tukaenda kusimika msalaba.

Mwaka uliofuata virusi viliingia kupitia flashi ya mteja. Fundi alikuja kutoka Manyoni, akasema hakuna namna, mashine inafutwa yote.

"Na programu yangu?" mdogo wangu aliuliza.

"Tutaiweka tena kutoka kwenye flashi yenu ile. Inaangalia tarehe ya mashine tu. Tunairudisha mpaka siku mliyoiweka, ikishakubali tunaileta tarehe mpaka leo. Mliiweka lini?"

Tulijibu kwa pamoja: Jumapili ya msalaba, alfajiri. Fundi akaandika tarehe hiyo. Ikakataa. Akarudia, ikakataa.

"Leseni imekufa, dada," alimwambia kwa upole. "Siku ya bure imepita."

Mdogo wangu alivuta kiti mbele, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, kama zamani. Nikashindwa kumtazama. Nikatazama saa ndogo pembeni ya kioo.

"Fundi, mbona saa hii inasema saa kumi? Sasa hivi ni saa nne."

"Ni saa kumi ya Kizungu, kaka, nimeipanga upya. Ndiyo hiyo saa nne yako. Kompyuta zote ziko hivyo."

"Yetu haikuwa hivyo. Niliipanga mwenyewe. Jua likichomoza inasoma kama sisi, saa kumi na mbili."

Fundi aliacha kuchapa. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee, kumbe mashine yako ilikuwa inalala na kuamka na kuku! Kwa saa za Kizungu, kumi na mbili ya usiku, yaani saa sita yetu, ndiyo siku inabadilika. Kumi na mbili hiyo yenu ilikuwa inaifikia kunapokucha, ndipo inabadilisha siku. Ile alfajiri yenu, yenyewe ilidhani bado ni Jumamosi."

Akairudisha siku moja nyuma, akaandika namba ya leseni iliyokuwa kwenye flashi. Ikakubali.

Herufi zilijaa kioo. Mdogo wangu alikaa akitazama tarehe, ambayo sasa aliweza kuisoma toka mbali.

"Kwa hiyo hapa mama bado hajawekewa msalaba," alisema.

"Bado," nilimjibu. "Niko kwenye treni."

Alitabasamu, akaegemea nyuma.

Fundi alinakili diski nzima kwenye diski nyingine, leseni ikiwa humo humo, ili siku nyingine tusihangaike. Kisha akaileta tarehe mpaka ya leo. Alipotaka kuiacha saa ikiwa ya Kizungu, mdogo wangu akamshika mkono.

"Ipange kama alivyoipanga kaka."

"Itakuwa na makosa."

"Ndiyo iliyonisomesha," alisema, akavuta barua ya mteja wa kwanza.