Mzee wa Laivu Kwenye Mazishi ya Dada Yake

Ukipanda njia za Nkoaranga ukauliza kwa Philemoni, utaangaliwa tu. Uliza kwa Mzee wa Laivu, utapelekwa hadi mlangoni. Ndiye anayerusha mazishi mtandaoni, maana huku mlimani karibu kila nyumba ina mtoto ughaibuni, na siku hizi mchungaji hafungui hata sala kabla Philemoni hajanyanyua dole gumba kuonyesha kwamba walioko huko wanaona. Alistaafu ufundi wa redio, akanunua kompyuta ya mtumba, na cheo hicho alikipenda, tusifichane.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na kero moja: mfumo mpya. Kila akiiwasha inamtaka ausakinishe. Mara ya kwanza alikubali, bando likaisha katikati. Mara ya pili umeme ukakatika, mashine ikashinda kutwa nzima ikijirudisha ilikotoka. Tangu hapo akawa anabonyeza "Baadaye" kama anayefukuza nzi.

Kisha akafariki Eunike, dada yake mkubwa. Huyu ndiye aliyemlea Philemoni baada ya mama yao kufariki, aliyekuwa akimfunga mgongoni na kwenda naye kuchuma kahawa. Mwanawe wa pekee, Nelson, yuko Kanada, na karatasi zake hazijakamilika, akitoka harudi.

"Mjomba," alilia kwenye simu, "nimwone tu mama akishushwa. Hilo tu."

Philemoni akamwahidi.

Asubuhi ya maziko, macho mekundu kwa kukesha msibani, aliiwasha kompyuta akakuta "Baadaye" haipo. Limebaki swali moja: usakinishaji uanze saa ngapi? Akawaza, saa nne usiku watu watakuwa wameshatawanyika. Akachagua 4:00 PM. Siku nyingine asingekosea, anajua saa za mashine ni za Kizungu. Siku hiyo kichwa kilichochoka kilihesabu kama tunavyohesabu wote, saa nne ni nne. Mashine ikahesabu ya kwake, na ya kwake ni saa kumi jioni.

Saa kumi ikakuta jeneza likipitishwa kati ya migomba, kwaya imeshaanza. Kioo kikafanya giza, kisha kikawa buluu: "Inasakinisha. Asilimia moja. Usizime kompyuta."

Philemoni akapigwa na butwaa. Akabonyeza kila kitufe alichokijua na asichokijua.

"Baba Esther, kuna nini?" mkewe, Anande, alimnong'oneza.

"Imeanza."

"Imeanza nini?"

Alimpungia mchungaji mkono asubiri. Mchungaji akatazama wingu lililokuwa likishuka kutoka Mlima Meru, akatikisa kichwa.

"Mzee Philemoni, mvua hiyo imefika. Hatuwezi."

Na simu je? Simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, ikitetemeka. Angeitoa tu akaielekeza kaburini, Nelson angeona, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Lakini mtu akishtuka kiasi kile, akili inamruka. Alipiga magoti mbele ya meza, mgongo kaburini, akiisihi mashine kwa Kimeru. Asilimia thelathini. Ikakwama hapo. Asilimia hamsini. Nyuma yake kamba zilikwaruza mbao, kwaya ikapandisha sauti, udongo ukaanza kudondoka, kisha makoleo yakachukua kazi. Hakugeuka.

Mwishowe kioo kikang'aa: "Karibu! Mafaili yako yote yapo palepale ulipoyaacha."

Ndipo alipoihisi simu.

"Shikamoo mjomba. Picha imekata huku. Mmeshamshusha?"

"Tumemshusha, mwanangu."

"Haya. Basi nisimulie wewe ulivyoona. Alishuka vizuri?"

Philemoni akageuka. Palikuwa na tuta la udongo mbichi, na wanawake wanachomeka maua. Akalikodolea macho tuta lile kama mtu aliyewasili msibani sasa hivi kutoka mbali.

"Mjomba?"

"Hata mimi sikumwona, Nelson."

"Hukumwona? Kwani ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa."