Kadi ya Krismasi ya Dada Zaituni

Desemba ya Kisarawe ilinukia korosho za kuchoma. Asubuhi, kabla jua halijakolea, wanawake waliwasha moto nje ya nyumba, wakazimwaga korosho na maganda yake juu ya bati kuukuu lililotobolewa, na mafuta yake yakashika moto yakitoa moshi mweusi uliowasha macho na koo. Sisi watoto tulifukuzwa tusisogee, maana mafuta hayo huchubua ngozi, lakini tulisogea vivyo hivyo, tukaenda shule nguo zikinuka moshi na vidole vikiwa na madoa yaliyokaa hadi mwezi wa pili. Huo ndio msimu ninaotaka kuusimulia, katika enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu vya pili kwisha. Nilikuwa na umri wa kama miaka kumi. Jina langu Tatu, na nyumbani nilikuwa mtoto wa kike peke yangu, ingawa haikuwa hivyo siku zote.

Nilikuwa na dada, Zaituni, aliyenipita miaka tisa. Yeye ndiye aliyenisuka nywele, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu ya risasi kabla sijaingia darasani. Miaka mitatu kabla ya msimu huu alikuja fundi seremala kutoka bara kutengeneza madawati ya shule. Alikuwa kijana mpole, Mkristo, mwenye sauti ya chini. Madawati yalipokwisha, fundi akaondoka, na baada ya wiki moja dada naye hakuonekana. Tulisikia baadaye kwamba wako Kongowe, kule Kibaha karibu na barabara ya Morogoro, kwamba amebatizwa akaitwa Rebeka, na kwamba ndoa imefungwa kanisani. Baba yangu alikuwa mkulima na muuzaji mdogo wa nazi, mtu wa sala tano, asiyepaza sauti. Siku ile habari zilipofika hakupiga kelele wala kulaani. Alisema tu kwamba jina lile lisitajwe tena mbele yake. Likaacha kutajwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliungoja mshindo huo miaka mitatu nikila, nikilala na kuamka ndani ya kimya hicho. Kitu kimoja tu cha dada kilibaki waziwazi, nacho ni mbuzi wake jike mwenye baka jeupe shingoni. Baba hakuruhusu auzwe wala achinjwe, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Shuleni tulifundishwa kazi za mikono na Mwalimu Debora, mke wa karani wa boma, mwanamke mrefu aliyevaa viatu vyeupe hata wakati wa matope. Wiki ya mwisho kabla ya likizo alikuja na kisanduku cha bati chenye vidonge sita vya rangi za maji, akatugawia kila mmoja kipande kimoja cha karatasi nzito, kimoja tu, akatuambia tutatengeneza kadi za Krismasi. Wengi wetu tulikuwa watoto wa Kiislamu. Akasema yeyote anaweza kumpelekea salamu jirani anayesherehekea, kama vile jirani anavyotuletea sisi salamu siku ya Idi. Wenzangu wakaamua papo hapo kwamba kadi zao ni za mwalimu mwenyewe. Mimi yangu sikumtolea mwalimu. Nilimjua mtu mmoja anayesherehekea.

Alitufundisha kuikunja karatasi katikati, kisha kuulowesha upande wa mbele kwa kitambaa safi, isichuruzike wala isikauke. Ukiigusisha brashi yenye samawati juu ya karatasi iliyolowa, rangi hukimbia yenyewe, huku nzito, kule nyepesi, ikawa mbingu kabisa. Mahali unapotaka nyota unapaacha bila rangi, maana katika rangi za maji weupe haupakwi, huachwa. Nililishangaa sana jambo hilo. Nilikuwa nimezoea kwamba kizuri ni kile unachoongeza. Mbingu yangu ilitoka na doa moja la giza pembeni, lakini mwalimu alilitazama akasema mvua nayo huwa na mahali pake. Upande wa chini tulitakiwa kupiga chapa ya muhogo, na hapo kengele ikalia. Aliyekuwa hajamaliza aliruhusiwa kumalizia nyumbani. Mwalimu akanikatia kipande kidogo cha rangi nyekundu, akakifunga kwenye jani la mgomba.

Mchana ule niliketi nyuma ya jiko nikiwa na muhogo mmoja niliouchukua kwenye kikapu cha mama bila ruhusa, na wembe. Unaukata muhogo kwa upana, unachora juu yake kwa kalamu ya risasi kile unachotaka, kisha unachonga pembezoni ili mchoro wenyewe ubaki umeinuka. Wenzangu wote walichonga nyota. Mimi nilichonga bibo, lile tunda la korosho, pamoja na korosho yake inayoning'inia chini, kwa sababu dada alikuwa akiyapenda mabibo hadi gauni lake likawa halitakati kwa madoa yake. Chapa ya kwanza niliipiga moja kwa moja kwenye kadi, nikasahau kuufuta muhogo maji yake. Rangi ikatambaa, bibo likawa kama kidonda. Nilikuwa na karatasi moja tu. Nikaanza kulia kimyakimya, na ndivyo mama alivyonikuta, wembe mkononi na muhogo wake umekatwakatwa.

Nilitegemea makofi. Akaniuliza tu ni kazi gani ile. Nikamweleza kuhusu Mwalimu Debora, rangi na chapa. Akauliza kadi ni ya nani. Ningeweza kusema ni ya mwalimu, na mambo yangeishia hapo.

"Ya Dada Zaituni," nikasema.

Mama aliketi chini kwenye mchanga kando yangu. Kisha akauchukua muhogo, akaukausha vizuri kwa upindo wa kanga yake, akanirudishia. Nilikoroga rangi ikawa nzito, nikaipaka, nikagandamiza bila kutikisa, nikainua wima. Safari hii bibo lilitoka safi. Nikapiga la pili na la tatu, yakapangana chini ya mbingu ile kama kengele tatu. Lile lililoharibika likabaki pale pale. Mama alisema nisilifute, nitatoboa karatasi.

Ukabaki ujumbe wa ndani. Sikujua nimwandikie nani, Zaituni au Rebeka. Mama hakujua kusoma, lakini hilo alilikata mara moja: niandike Dada, basi. Nikaandika, "Kwa Dada, heri ya Krismasi." Nikamuuliza niongeze nini. Alifikiri sana, na nilielewa kwamba maneno ya miaka mitatu yalikuwa yakisukumana mlangoni na hakuna hata moja lililoweza kupita.

"Mwandikie mbuzi wake amezaa," akasema mwishowe.

Hatukuwa tumemwona baba. Alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, akigeuza korosho zilizoanikwa kwenye jamvi, na ua wa makuti hauzuii sauti. Tuliisikia mikono yake ikiacha kugeuza. Mama akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Nilikuwa tayari kuila ile karatasi kama ingelazimu.

"Mwambie wamezaliwa wawili," baba akasema. Kisha tukasikia korosho zikianza kugeuzwa tena.

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mimi nikaandika, na kwa utoto wangu nikaandika kama nilivyosikia: "Mbuzi wako amezaa. Baba anasema wamezaliwa wawili." Siku ya pili yake kadi ikaenda na Mjomba Shomari, kaka yake mama, aliyekuwa akipeleka mikeka upande wa Kibaha. Baba alimwona akiitia kadi ndani ya mkeka uliokunjwa ili isipindike, akamtakia safari njema.

Jibu halikuja. Krismasi ikapita, mvua za masika zikaja zikaisha, na mimi nikaamini kwamba kadi imepotea au dada amekasirika. Mwezi wa Ramadhani uliingia ukatoka. Asubuhi ya Idi, baba akiwa barazani na wageni waliotoka naye msikitini, mwanamke akaja njiani, mtoto mgongoni, amejitanda kanga vizuri. Aliposimama mbele ya baraza mazungumzo yakakatika. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mjomba alikohoa. Mzee mmoja akaanza kuinuka, kama mtu asiyetaka kushuhudia aibu ya mwenzake.

"Marahaba, mwanangu," baba akasema. "Pita ndani. Mama yako yupo."

Sitaki kudai kwamba yote yalipona siku ile. Baba hakuwahi kukanyaga Kongowe hadi anakufa, wala hakulitamka jina la Rebeka hata siku moja. Yeye na shemeji yangu walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, basi. Lakini kila Idi dada alikuja na watoto wake, na baba aliwapakata. Mama alikuwa na msemo wake kwa wanawake waliomdodosa: mwana akinyea kiganja, hakikatwi. Miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima, nilimuuliza dada kwa nini hakujibu kadi ile. Akaniambia aliisoma mara nyingi, lakini kilichomwondoa Kongowe ni maneno mawili tu, "Baba anasema." Miezi yote ile alikuwa akijikusanyia ujasiri wa kuja kuhakikisha.

Sasa mimi ni bibi, ninaishi Tangini, huku Kibaha, kwa mwanangu. Wajukuu wangu hupokea picha za sikukuu kwenye simu, za Idi na za Krismasi, zenye nyota zinazozunguka na muziki juu yake, kwa mamia, na sizibezi, maana salamu ni salamu. Ninachokitafakari ni kingine. Mwanangu huyu na mwana wa dada yangu anayeishi Maili Moja hawajazungumza mwaka wa pili huu, kwa ugomvi wa shamba. Wote wana simu mfukoni, na kutoka hapa hadi kwake hata miguu yangu hii inafika. Enzi zetu salamu ilihitaji karatasi, fundisho la mwalimu, na mjomba wa kuibeba, na bado ilifika. Wiki iliyopita nilimwambia mwanangu ampigie nduguye. Akasema hana la kumwambia. Nikamwambia aanze na jambo lolote dogo lililotokea nyumbani, mengine yatafuata. Hajapiga bado. Kesho nitamwambia tena.