Orodha ya Asubuhi ya Kanali

Kanali alikuwa na orodha yake ya asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Nasoma jambo, yeye analigusa kwanza, ndipo anajibu "Tayari." Jiko limezimwa. Tayari. Miwani. Tayari. Kidonge cha moyo. Tayari. Alisema ndivyo walivyofanya kwenye ndege miaka yake yote thelathini jeshini, na kwamba anayejibu kabla mkono haujagusa ataua watu. Mimi niliona ni vituko vya uzee. Nilikuwa natoka kwangu Brooklyn Center alfajiri, naendesha gari juu ya barafu hadi kwake Eden Prairie kumwogesha na kumpa chai, na kama raha yake ni kusomewa, basi nitamsomea.

Asubuhi moja ya Januari nilikuwa nafuta vumbi kwenye picha zake za ukutani. Zilianza na kijana mwembamba mwenye kofia ya rubani, zikaishia na mtu wa mvi, nishani kifua kizima. Katikati palikuwa na ndege kubwa, tumbo lake wazi. Nikauliza ilibeba nini.

"Mabomu," akasema. "Vietnam."

"Mlikuwa mnawaona watu?"

"Tulikuwa juu sana."

Sikupanga kumwambia. Lakini nilikuwa na miaka saba ndege za vita zilipokuja Bukoba, na mimi nilikuwa chini. Mama alinilalia mtaroni. Bibi alibaki nyuma kumfungua mbuzi wake, na jioni tukamzika. Nilimweleza yote nikiwa na kitambaa cha vumbi mkononi, kwa hasira ambayo nilidhani ilishaniisha zamani. Alikwenda kukaa mezani jikoni, akaomba tusome.

Nikasoma. Jiko limezimwa. Akagusa. Miwani. Akagusa. Kidonge cha moyo.

"Tayari," akasema, na mkono wake ulikuwa bado pajani.

Nilikiona kidonge, cheupe, kwenye kisahani. Mara ya mwisho alipokiruka alilazwa kwa kiharusi. Nilikiona, na nikasoma kinachofuata. Simu. Tayari. Nikavaa koti, nikaaga.

Ndani ya gari niliwasha hita, nikampigia rafiki yangu Mkenya ambaye naye anahudumia wazee. Nikamwambia mzee wangu hajameza dawa na nimemwacha hivyo hivyo.

"Si urudi umpe," akasema. "Ama amekukosea?"

"Hajanikosea mimi."

"Sasa unangoja nini? Watu wanalose kazi juu ya kitu kidogo kuliko hiyo."

Kazi haikuwa mawazoni mwangu hata kidogo. Mguu ulikuwa tayari kwenye mafuta. Nilitaka kuondoka, na sikuona haya kutaka, na hilo ndilo lililonitisha. Nikazima gari.

Nilimkuta palepale mezani, kidonge mbele yake.

"Uliona," akasema.

"Niliona. Na wewe ulijua nimeona?"

"Nilijua ulipofunga mlango."

Kisha akasema, huku akitazama kisahani, kwamba alinidanganya. Siku moja walishuka chini ya mawingu. Mwenzake alisoma kuwa mbele yao ni kambi ya askari. Yeye akaona nguo zimeanikwa, nyingi, za watoto.

"Niliziona," akasema. "Nikajibu tayari."

Sikumsamehe. Hakuniomba, na hata angeniomba, wale watoto si wangu. Nilivua koti, nikajaza maji kwenye glasi, nikakaa mbele yake na kuanza orodha upya kutoka mwanzo. Jiko. Miwani. Tulipofika kwenye kidonge alikigusa, akaniangalia, wala hakujibu. Alikuwa ananisubiri mimi.

"Meza, Kanali," nikasema.

Akameza.