Muguu ya Kalenga

Nakumbuka siku moja, mwanangu, muguu ya muntu mumoja ilinichanganya kichwa mpaka leo. Weye unayeanza hii kazi ya kukanda bagonjwa ku lopitalo, sikia. Miye nilisoma miaka mbili tu kwa mapadri. Lakini mikono yangu! Mu Elisabethville yote, uliza: muntu akiingia kwangu na magongo, anatoka anayabeba ku bega. Nyumba yangu ya matofali, hii mikono njo ilijenga.

Basi. Nilikuwa kijana, ku lopitalo ya kambi ya bantu ba kazi. Munganga muzungu alinifundisha kukanda na kunyoosha viungo, kisha akanipa mugonjwa mumoja, Kalenga. Huyo alikuwa anafanya kazi ku furu, kule banayeyusha shaba. Gari ya mawe ilimuvunja muguu. Mifupa iliungana, lakini goti ilikataa kukunja. Kila asubui naikanda na mafuta ya mawese, namukunja, analia, anatukana mama yangu, nacheka. Pole pole goti ikasikia. Nilifurahi, mwanangu! Nilitembea mu kambi kama kapita mwenye kusimamia bantu ba kazi.

Siku moja Kalenga akanikamata mukono. "Ndugu, punguza."

"Inauma?"

"Haiumi. Njo mambo yenyewe. Goti ikipona, batanirudisha ku furu. Unajua furu, weye? Unajua mafuta tu. Niachie kuchechemea kidogo, banipe kazi ya kulinda mulango."

Sikuwa nimesikia mugonjwa anaomba asipone. Mangaribi ile, bibi yake akanifuata ku njia, mutoto ku mugongo.

"Weye fundi wa miguu! Kalenga amekudanganya na mulango? Mulango iko na muntu yake tayari. Kiwete banamurudisha ku kijiji, na nyumba ya kambi banatunyanganya. Batoto bangu bako ku masomo. Malizia ile goti!"

Sasa nikande ao nisikande? Asubui nilikanda kwa nguvu. Namuona Kalenga, naregeza. Namukumbuka bibi yake, naongeza. Kalenga akaniuliza kama nimelewa. Chakula haikupita tena. Kazi niliyoipenda ikaanza kuninukia vibaya. Mikono yangu hii, yenye kushinda ya bote, haikujua tena inafanya nini. Na ningeuliza nani? Munganga alijua mifupa tu.

Kisha munganga akatuita. "Anaweza kurudi ku furu?"

"Bwana Munganga, goti… iko… ao haiko…"

"Iko ao haiko?"

Mbele nijibu, Kalenga akaweka magongo chini. Akatembea mpaka ku dirisha, akarudi, sawasawa kama askari mbele ya bendera. Jasho ilimutoka. Hakuniangalia. Labda bibi yake alikwisha kumuambia mulango iko na muntu. Munganga akanipiga ku bega: "Kazi muzuri!" Sijasikia vibaya hivi kwa kusifiwa.

Bakamurudisha ku furu, na miezi ikapita bila Kalenga kunisalimia. Siku moja akakuja, anamuvuta mudogo wake kwa shati, bega imeteguka.

"Mukande."

"Leo unanisemesha?"

"Sikusemeshi. Nasemesha mikono."

Nikamukanda yule mudogo, Kalenga anasimama pale anaangalia kila kidole yangu. Bega ikarudi. Bakaenda, hapana aksanti.

Nilimusaidia, ao nilimuuza? Sijui, na nimekwisha kuwa muntu mukubwa. Ile ninaelewa, nakuambia. Mbele ya kushika muguu ya muntu, muulize inamupeleka wapi. Mara mingi hautaweza kubadilisha njia yake, lakini atajua unakanda muntu, hapana nyama. Batakusifu siku unasikia haya, na batakutukana siku umefanya vizuri. Usipime kazi yako kwa midomo yao. Na kichwa ikichanganyikiwa, usikae na mambo peke yako mpaka chakula ikukatae. Tafuta mwenzako wa kazi, mukae, umuambie.

Mungu akupe mikono ya moto, mwanangu. Na bale utakaobasimamisha, abafungulie pa kwenda.